Shinikizo Ndilo Nguzo: Mapango ya Chumvi na Uhifadhi wa Nishati

Huntorf ni kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani, kwenye nchi tambarare isiyo mbali na mji wa Oldenburg. Tangu mwaka 1978 kuna mtambo wa umeme pale ambao ghala lake halionekani. Umeme ukiwa mwingi na bei ikishuka, mashine hushindilia hewa katika mapango mawili yaliyo ndani ya chumvi, kati ya mita 650 na 800 chini ya ardhi. Mahitaji yakipanda, hewa ile hufunguliwa, hupashwa moto kwa gesi asilia, kisha huzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 321. Mapango yote mawili yana nafasi ya mita za ujazo 310,000. Ndani yake hamna zege, hamna nondo, hamna nguzo hata moja. Walipoyapima tena baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi, wahandisi hawakukuta mabadiliko makubwa ya umbo.

Habari hii inastahili kufikiriwa vizuri, kwa sababu chumvi si mwamba mgumu. Ni mwamba unaotambaa. Mapango mengine yaliyochimbwa miaka ileile, kwa wataalamu wenye elimu ileile, yalipoteza zaidi ya theluthi ya nafasi yao kabla hayajamaliza muongo mmoja. Nini kiliyatofautisha? Leo swali hili lina uzito kuliko wakati wowote. Nchi zinazojenga umeme wa jua na upepo zinahitaji mahali pa kuweka nishati, si kwa saa nne tu kama betri nyingi zinavyoweza, bali kwa siku, kwa majuma, hata kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Pango la chumvi ni miongoni mwa maghala machache ya ukubwa huo ambayo tayari yanafanya kazi.

Hoja yangu ni kwamba uimara wa pango hautokani na ugumu wa kuta zake. Unatokana na shinikizo linaloachwa ndani yake, pamoja na nidhamu ya kulilinda shinikizo hilo kwa miaka mingi. Maafa makubwa yaliyoandikwa katika historia ya mapango haya, kwa sehemu kubwa, yalianzia kwingine kabisa: kwenye kisima kinachoshuka hadi pangoni, au kwenye mpaka wa chumvi ambao watu walidhani wanaujua.

Tuanze na chumvi yenyewe. Tabaka nene zilizopo chini ya Ujerumani, Uholanzi na Bahari ya Kaskazini ziliachwa na bahari iliyokauka mara kwa mara zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Zile za kandokando ya Ghuba ya Meksiko, huko Texas, Louisiana na Mississippi, ni za enzi ya Jura. Miamba iliyorundikana juu yake ni mizito kuliko chumvi, hivyo kwa mamilioni ya miaka chumvi imepenya kwenda juu na kujenga makuba, mengine yenye kimo cha kilomita kadhaa. Kuba la namna hiyo ni zawadi kwa mchimbaji, kwani humpa chumvi safi kutoka juu hadi chini. Chumvi hii haina matundu ya kupitisha gesi. Nyufa zake ndogo, zikikandamizwa, hujiziba zenyewe. Na kuichimba hakuhitaji mtu kushuka chini: maji tu yanatosha.

Sifa inayoziba nyufa ndiyo pia inayoleta taabu. Jiwe la kawaida likibebeshwa mzigo huvumilia mpaka siku litakapovunjika. Chumvi hujisogeza. Kama lami kwenye jua la mchana, ni ngumu kwa anayeikanyaga, lakini iache na uzito juu yake, utakuta imehama.

Chukua kina cha mita 1,000. Uzito wa miamba iliyo juu huleta shinikizo la takriban baa 220. Kabla ya kuchimba, shinikizo hilo ni sawa pande zote na chumvi imetulia. Ukishafungua pango, ukuta una baa 220 mgongoni na shinikizo dogo zaidi usoni, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma chumvi kuingia ndani. Pango lililojaa maji ya chumvi lina baa zipatazo 120, kwa uzito wa maji yenyewe hadi juu ya ardhi. Tofauti ni 100. Gesi ikitolewa mpaka zibaki baa 60, tofauti inakuwa 160. Mtu angeweza kudhani kwamba mwendo wa chumvi utaongezeka kwa kiasi hichohicho. Sivyo. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kasi hupanda kwa kipeo cha kati ya 3 na 6. Tofauti ya shinikizo ikiongezeka maradufu, kasi ya kutambaa hupanda angalau mara 8 na inaweza kufika mara 64. Ongeza na joto, ambalo hukua kadiri unavyoshuka na kuilainisha chumvi zaidi, ndipo utaelewa kwa nini kosa dogo la kina au la shinikizo huzaa hasara kubwa.

Hasara hiyo ilionekana Eminence, Mississippi. Pango la kwanza la gesi lililofunguliwa pale mwaka 1970, likiwa karibu na kina cha mita 2,000, lilipoteza takriban asilimia 40 ya nafasi yake ndani ya miaka miwili. Chini kabisa, sakafu ilipanda kwa makumi ya mita. Huko Tersanne, Ufaransa, pango lililokuwa kwenye kina cha mita zipatazo 1,450 lilipoteza kiasi cha asilimia 35 kati ya 1970 na 1979. Hakuna kilichoporomoka katika matukio hayo, na hakuna aliyeumia. Ghala lilijifunga tu polepole, mwenye mali akiwa analitumia. Chanzo kilikuwa kina kirefu pamoja na shinikizo lililoachwa lishuke mno kwa muda mrefu. Mapango ya Huntorf yana takriban nusu ya kina cha mapango hayo au pungufu yake, na hewa yake hubaki kati ya baa 43 na 70 katika kazi za kila siku. Siri ya kijiji kile cha Ujerumani ni hiyo.

Kwa hiyo mbunifu wa pango huanza na mipaka miwili. Mpaka wa juu ni rahisi kuueleza: shinikizo likikaribia uzito wa miamba, chumvi au saruji ya kisima inaweza kupasuka na gesi kutoroka. Desturi ya nchi nyingi ni kutovuka takriban asilimia 80 ya uzito wa miamba, ikipimwa kwenye ncha ya chini ya kesingi, yaani lile bomba la chuma lililosimikwa kwa saruji kando ya kuta za kisima. Mpaka wa chini ndio wenye utata, na ndio ninaouona kuwa kipimo cha kweli cha uadilifu wa mradi. Ukishuka mno, kuta hutambaa haraka. Ukizidi kushuka, unafika mahali ambapo punje za chumvi huanza kuachana, ukuta unajaa nyufa nyembamba, na vipande huanguka kutoka darini. Wahandisi huutafuta mpaka huu kwa kukandamiza vipande vya chumvi halisi ya mahali pale maabara, kisha hupiga hesabu za kompyuta za miaka 30 au 50 ijayo. Hesabu iliyofanywa kwa chumvi ya nchi nyingine ni kubahatisha tu, hata ikiwa na michoro ya kupendeza.

Kuulinda mpaka wa chini kuna gharama. Katika ghala la gesi asilia, robo au theluthi ya gesi yote hubaki chini isiuzwe, kazi yake ikiwa kuzishikilia kuta. Kwa mhasibu hiyo ni mali iliyolala. Kwa mwanajiolojia hiyo ndiyo nguzo ya jengo. Baridi ikizidi na bei ya gesi ikiruka, kishawishi cha kuigusa ni kikubwa, na ndiyo maana mpaka huo unapaswa kuwekwa na sheria wala usiachiwe meneja wa mauzo.

Kuna jambo la kasi pia. Gesi inayotoka haraka hupoa, na ukuta unaopoa ghafla husinyaa na kupasuka. Zamani ghala la gesi lilijazwa kiangazi na kumwagwa majira ya baridi, mzunguko mmoja kwa mwaka. Soko la leo linataka mizunguko mingi, na ghala la hewa linalosaidia umeme wa jua linaweza kujazwa na kumwagwa kila siku. Pango ni lilelile, lakini kazi imebadilika, na ruhusa iliyotolewa kwa kazi ya zamani haitoshi kwa kazi mpya.

Umbo la pango huamuliwa na maji. Kisima kikishachimbwa, mabomba mawili hushushwa moja ndani ya jingine. Maji matamu au maji ya bahari huingia kwa njia moja na maji yaliyoshiba chumvi hutoka kwa nyingine. Kila mita moja ya ujazo ya pango hudai mita za ujazo 7 hadi 10 za maji. Pango la mita za ujazo 500,000 basi hula mita za ujazo milioni 3.5 hadi 5 za maji na kutoa zaidi ya tani milioni 1 za chumvi, kazi ya miaka miwili, mitatu au zaidi. Ili maji yasile dari, juu yake huwekwa tabaka la nitrojeni au dizeli, ambavyo haviyeyushi chumvi. Kila baada ya hatua fulani kifaa cha sauti hushushwa kuzisoma kuta, kwani hakuna jicho la mtu litakalowahi kuziona. Linalotakiwa ni dari yenye mviringo na kuta zisizo na pembe. Dari bapa na pana ni hatari, na vivyo hivyo ukuta mwembamba kati ya pango na pango. Kadiri mapango yanavyosogeleana, chumvi iliyo katikati hubeba mzigo wa yote mawili.

Wachina wamelazimika kuijua kazi hii katika mazingira magumu zaidi. Chumvi yao nyingi imelala katika tabaka nyembamba zilizochanganyikana na udongo na madini ya anhidraiti, tofauti na yale makuba safi ya Texas. Udongo hauyeyuki: hurundikana sakafuni na kula nafasi. Tabaka lisiloyeyuka huning'inia pangoni kama rafu, halafu siku moja linakatika na kupinda mabomba. Hata hivyo Jintan, katika jimbo la Jiangsu, kuna ghala la gesi asilia tangu mwaka 2007, na mwaka 2022 ulizinduliwa hapo mtambo wa hewa iliyoshindiliwa wa megawati 60 usiochoma gesi kabisa. Joto linalozaliwa wakati wa kushindilia huhifadhiwa na kurudishwa hewa inapotoka. Aprili 2024, mtambo wa megawati 300 uliunganishwa na gridi huko Yingcheng, Hubei, ukitumia mapango yaliyoachwa na wachimba chumvi. Huntorf na ule wa McIntosh, Alabama, wa mwaka 1991, bado huchoma gesi. Kwa maoni yangu hatua ya Wachina ndiyo iliyoligeuza wazo hili kutoka jambo la makumbusho kuwa teknolojia ya leo.

Mafuta yana kanuni zake. Akiba ya mafuta ya Marekani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 baada ya vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, imewekwa katika mapango ya chumvi ya Texas na Louisiana yenye uwezo wa mapipa milioni 714. Mafuta hutolewa kwa kusukumwa na maji kutoka chini, hivyo pango halibaki tupu kamwe na kuta hushikiliwa wakati wote. Lakini maji matamu hula chumvi. Kila mara pango linapomwagwa lote, hupanuka na kuwasogelea majirani zake. Ndiyo maana mapango hayo yalibuniwa kumwagwa mara 5 tu. Anayeona akiba ya taifa kama mfuko wa kufungua kila bei ya petroli inapopanda hana budi kuikumbuka hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye maafa. Januari 17, 2001, katikati ya mji wa Hutchinson, Kansas, gesi ililipuka na kuteketeza maduka. Kesho yake mlipuko mwingine uliwaua watu wawili katika makazi ya pembezoni. Gesi ilikuwa imetoka ghala la Yaggy, kilomita zipatazo 11 kutoka mjini. Mapango hayakuwa na tatizo. Yalikuwa yamechimbwa kwa ajili ya propani, yakaachwa, visima vikazibwa, kisha katika miaka ya 1990 yakafunguliwa upya kwa gesi asilia. Kesingi ya kisima kimoja ilikuwa na tundu, juu kabisa ya tabaka la chumvi. Gesi ilipenya hapo, ikafuata tabaka jembamba la mwamba wenye nyufa hadi chini ya mji, ikaibuka kupitia visima vya kale vya maji ya chumvi ambavyo hakuna aliyevikumbuka. Mamia ya maelfu ya mita za ujazo za chumvi hazikumsaidia yeyote mbele ya tundu moja kwenye chuma.

Bayou Corne, Louisiana, ni kosa la aina nyingine. Agosti 2012 ardhi ilititia ghafla karibu na kijiji hicho, miti ikazama wima ndani ya maji, na wakazi wapatao 350 wakaamriwa kuondoka. Pango lililosababisha hayo lilikuwa la kuzalisha maji ya chumvi kwa viwanda, lilikwisha kufungwa, na lilikuwa ukingoni mwa kuba la Napoleonville. Ukuta wake ulikuwa karibu na ukingo wa chumvi kuliko ramani ilivyosema. Chumvi ilipoisha, mawe na matope ya nje yalimiminika ndani, na ardhi ya juu ikafuata. Shimo lilikua mwaka hadi mwaka likafika ekari zaidi ya 30. Hakuna hesabu ya kutambaa ambayo ingeokoa pango lililochimbwa mahali pasipo na chumvi ya kutosha.

Matukio haya mawili yanapaswa kubadilisha namna tunavyosoma tangazo la mradi wowote. Ukubwa wa pango ndio unaopigiwa tarumbeta, ilhali mambo ya kuuliza ni umri wa kesingi, jaribio la mwisho la kuvuja, visima vya zamani vilivyo jirani, na umbali uliopimwa kwa mitetemo kutoka ukutani hadi ukingo wa chumvi.

Haidrojeni inayafanya maswali haya yawe makali zaidi. Si jambo jipya: Teesside, Uingereza, imekuwa ikiihifadhi tangu mwaka 1972 katika mapango matatu ya kina kidogo, na Texas ina mapango ya haidrojeni tangu 1983. Jambo jipya ni ukubwa. Delta, katika jimbo la Utah, mapango mawili yamepangwa kuhifadhi nishati ya gigawati-saa 300. Kwa kila mita ya ujazo hiyo ni takriban mara 100 ya hewa ya Huntorf, na hapo ndipo mvuto wa haidrojeni ulipo. Chumvi yenyewe huizuia vyema. Wasiwasi uko tena kwenye kisima: molekuli ni ndogo, hupenya saruji isiyoshikana vizuri na viungio vya mpira, na inaweza kukidhoofisha chuma. Wapo pia vijidudu wanaoishi katika maji ya chumvi, wanaokula haidrojeni na kuacha gesi yenye sumu inayonuka kama mayai yaliyooza.

Na pango likimaliza kazi? Wengi hufikiri kulijaza maji na kuziba kisima ndio mwisho. Maji yaliyofungiwa hupata joto la miamba na kutanuka, na joto likipanda kwa nyuzi 1 tu, shinikizo hupanda kwa kiasi cha baa 10. Likizibwa mapema, pango linaweza kulipasua paa lake lenyewe. Hekima ni kungoja miaka maji yapate joto la mwamba kabla ya kuziba, na mtu wa kulipa kungoja huko awe ametajwa katika leseni tangu siku ya kwanza.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, swali hili lina mlango wa nyumbani. Oman, wanakoishi wengi wenye lugha hii, ina makuba ya chumvi ya kale sana na sasa inatenga ardhi kwa miradi ya haidrojeni. Kenya, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria umekuwa ukiachwa hewani usiku kwa kukosa wa kuutumia. Na kusini mwa Tanzania, katika bonde la Mandawa mkoani Lindi, visima vya kutafuta mafuta vya miaka ya 1950 vilikuta chumvi nene ya kale chini ya ardhi. Jasi inayochimbwa Kilwa kwa ajili ya viwanda vya saruji ni ndugu wa chumvi hiyo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, iko hapohapo mbele ya pwani.

Sisemi tukachimbe kesho. Mandawa ikifikiriwa, maji ya kuyeyushia yatatoka baharini na maji makali ya chumvi yatarudi baharini, mbele ya mikoko, matumbawe na mashamba ya mwani ya Rufiji, Mafia na Kilwa, eneo lililoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2004. Wavuvi na wakulima wa mwani wanapaswa kukaa mezani kabla ya mkandarasi. Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana sasa: kumbukumbu za visima vile vya miaka ya 1950, pamoja na vipande vyovyote vya mwamba vilivyosalia, vihifadhiwe, visomwe upya na wanajiolojia wetu, na chumvi yake ipimwe jinsi inavyotambaa. Kila kisima cha zamani, kilichozibwa na kisichozibwa, kiwekwe kwenye ramani iliyo wazi kwa wananchi. Kazi ya kumbukumbu na ramani ndiyo iliyokosekana Hutchinson na Bayou Corne, na haihitaji mwekezaji wala mkopo ili ianze.